Lugha ya Taifa Hudaiwa Nini?

Mtu akiviweka pamoja Kiswahili, Kihausa na Kiindonesia huweza kudhani kwamba ni ndugu watatu waliopoteana utotoni. Sisi husema habari, Mhausa husema labari, Mwindonesia husema kabar. Dunia yetu ni duniya kwa Mhausa, na huko Jakarta ni dunia vilevile, bila kupungua herufi. Haki ni haƙƙi na hak. Hukumu ni hukunci na hukum. Lakini udugu huu ni wa nguo, si wa damu. Maneno hayo yalitoka kwa Waarabu, yakasafiri kwa jahazi, kwa ngamia na kwa vyuo vya Korani, na lugha zote tatu ziliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla herufi za Kirumi hazijaenea. Zivue nguo hizo, utaona kila moja ina mwili wake. Kihausa hugawa majina katika jinsi ya kiume na ya kike, hata majina ya vitu visivyo na uhai. Kiindonesia hakina jinsi wala ngeli kama zetu. Orang ni mtu, na watu ni orang-orang. Kiswahili ni Kibantu, na ngeli zake zatosha kuwa ushahidi.

Mambo haya ni matamu kwa mwalimu wa sarufi. Lipo, hata hivyo, swali lililo zito zaidi: lugha moja ikipewa heshima ya kuwa sauti ya taifa, inadaiwa nini na wale walioipisha njia?

Sisi watunga mashairi tungependa kuamini kwamba lugha hushinda kwa utamu wake. Historia haisemi hivyo. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana waliokutana Batavia, mji uitwao Jakarta leo, walikula kiapo cha nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja. Hawakuchagua Kijava, lugha ya kabila kubwa kuliko yote visiwani. Walichagua Kimalei, lugha ya bandari na soko. Mjava akaipisha. Kihausa kilipita njia nyingine. Ni lugha kongwe ya biashara, yenye wasemaji mamilioni na gazeti lake, Gaskiya Ta Fi Kwabo, lililoanza mwaka 1939 chini ya mhariri Abubakar Imam, aliyeishi zama moja na Shaaban Robert wetu. Lakini nguvu hiyohiyo ya wenyewe iliwatia hofu majirani zao wakubwa, Wayoruba na Waigbo. Katiba ya Naijeria ya 1979 ikazitaja lugha zote tatu kwa shughuli za bunge, na Kiingereza kikabaki kimekaa juu ya zote.

Kiswahili kilikuja Kilosa kama Kimalei, si kama Kihausa. Hakuna kabila la wilaya ile liwezalo kusema kuwa ni lake peke yake. Reli ya Kati na mashamba ya mkonge viliwaleta watu wa kila pembe ya nchi, wakakaa jirani na Wasagara na Wakaguru, na hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Kusini, penye njia kuu iendayo Zambia, Mikumi ukakua vivyo hivyo. Jina la mji huo ni la mti ambao mtu wa pwani huuita mvumo. Neno la wenyeji limesalia kwenye ramani. Lakini sokoni bibi humwita mjukuu kwa Kividunda, naye mjukuu hujibu kwa Kiswahili. Wapo wasemao kwamba mtoto huyo amenyang'anywa. Mimi nasema wazee wake walitoa, na atoaye ana haki ya kuuliza alichotoa kimenunua nini.

Watu wa Kilosa wanajua zaidi ya wengine gharama ya lugha isiyoeleweka. Mwezi Novemba 1884 Mangungo wa Msowero alitia alama yake kwenye karatasi ya Kijerumani iliyoletwa na Carl Peters. Aliambiwa habari za urafiki. Karatasi ilisema nchi. Hadi leo jina lake ni mzaha, hutajwa kila mtu anapotia saini asichokijua. Naona mzaha huo si wa haki. Kosa la kwanza ni la aliyeandika kwa lugha ambayo mwenzake hawezi kuisoma.

Hapo ndipo deni lilipo. Waindonesia wamelilipa kwa sehemu kubwa: lugha waliyoiapia ilifikishwa mahakamani na chuo kikuu, ikisaidiwa (ajabu ya dunia!) na Wajapani waliopiga marufuku Kiholanzi walipoiteka nchi mwaka 1942. Sisi tulianza vyema. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ikapendekeza kiingie sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama imelipa sehemu ya deni, tena sehemu nzito, maana mwenye kesi asipofahamu hukumu yake ana tofauti gani na Mangungo?

Wako watakaosema Kiingereza ni ufunguo wa dunia. Na kiwe. Mwindonesia naye hujifunza Kiingereza, lakini hajifunzi fizikia kwacho kabla hajakijua.

Siku hizi somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa sekondari kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kilosa, ambaye bibi yake aliacha Kisagara nyumbani kwa ajili yake, aweza kusikia kisa cha Msowero na kukijadili na mwalimu wake kwa maneno yake mwenyewe. Kisha kengele hulia, mwalimu wa kemia huingia, na darasa lile lililokuwa likibishana hunyamaza, likaanza kunakili ubaoni.