MALI YA MWANAFUNZI NI AMANA

Himidi zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake.



Ijumaa hii tunazungumza na vijana wetu waliotoka Masisi na Walikale kwenda kusoma Goma, Bukavu au Kisangani, na wazazi wao pia. Khofu yetu ni hii: wengi hawashindwi na masomo. Wanashindwa na pesa.

Ewe kijana, kumbuka pesa yako ilikotoka. Huko Masisi baba ameuza ng'ombe, au mama amebeba maharage sokoni magunia kwa magunia. Huko Walikale imetoka kwenye mchele na mafuta ya mawese, au kwa ndugu aliyeingia shimoni kuchimba madini. Pesa hiyo imepita njia yenye vizuizi na khatari mpaka ikakufikia. Basi si yako peke yako. Ni amana.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya umri wake, ujana wake, mali yake aliipata wapi na aliitumia katika nini, na elimu yake aliifanyia nini. Tazama, mwanafunzi anayo yote hayo kwa wakati mmoja: umri, ujana, mali na elimu.

KWANZA: ANDIKA HESABU. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika madeni. Ikiwa Mola wetu ametuamrisha kuandika deni, vipi wewe uone uzito kuandika matumizi yako? Pesa ikifika, lipa minervale kwanza, kabla hujanunua hata soksi. Kisha gawa kilichobaki. Tuseme zimebaki dola 300 za miezi 5. Chumba ni dola 20 kwa mwezi, jumla 100. Silabusi na fotokopi, tenga 40. Akiba ya ugonjwa, 10. Zimebaki 150, yaani 30 kwa mwezi, ambayo ni dola moja tu kwa siku. Aliyeandika anaijua hesabu hii siku ya kwanza. Asiyeandika anaijua mwezi wa pili, mfuko ukiwa mtupu.

PILI: SHIKA KATIKATI. Katika Sura Al-Furqan, aya 67, Allah anawasifu waja wake kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali wako baina ya hayo mawili. Dola moja hailishi mtu anayenunua chakula kilichopikwa kila siku. Lakini wanafunzi wanne wakichanga, wakanunua unga, maharage na makaa pamoja, wakapikiana kwa zamu, watashiba. Na katika uchache huo usisahau sadaka, hata kama ni sahani moja kwa jirani yako aliyelala njaa.

TATU: WEKA AKIBA WAKATI WA NEEMA. Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri kuhifadhi mavuno ya miaka saba kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Sisi somo hili tumeliona kwa macho. Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, mabenki yalifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Waliobaki na pesa katika M-Pesa au Airtel Money walikatwa asilimia ili wapate noti mkononi. Machi mwaka huo huo vita vikafika Walikale kati, na wazazi wengi wakakimbia. Mwanafunzi aliyekuwa amekula posho yote alibaki hana pa kushika. Basi usitumie pesa ya mwezi huu kwa kutegemea ya mwezi ujao.

NNE: JIHADHARI NA RIBA NA KAMARI. Mfuko ukiisha, shetani anaonyesha milango miwili. Wa kwanza ni Banque Lambert. Ukichukua dola 50 ukarudisha 65, zile 15 ni riba, na Allah ametangaza vita na wala riba (Al-Baqara 279). Ukichelewa, deni linazaa deni, mwishowe simu inauzwa, na mtihani unakupita. Wa pili ni pari za mpira. Hizo ni kamari, nayo imekatazwa katika Sura Al-Maida, aya 90. Mlango wa halali upo: likelemba ya wenzako, kila mtu akitoa sawa na kupokea sawa bila nyongeza. Na deni lolote usilidharau. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulilipa.

TANO: FANYA KAZI. Abdur-Rahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina bila mali, nduguye Muansari alitaka kumpa nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Kufundisha watoto jioni au kuuza vocha si aibu. Aibu ni kumdanganya mzazi.

Enyi wazazi, mwambieni mtoto ukweli wa uwezo wenu, asijilinganishe na watoto wa matajiri. Na enyi wenye uwezo, mwanafunzi fakiri au mwenye deni ni katika wanaostahiki zaka (At-Tawba 60). Muulizeni imamu, wapo katika safu zenu hizi.

Kijana, ikiwa umekwisha tumia minervale, usijifiche. Leo hii mpigie mzazi umwambie ukweli, kabla ya mtihani. Toba ina mlango, na mzazi ana huruma.

Ewe Mola, tupe riziki ya halali, ihifadhi elimu ya vijana wetu, na uturudishie amani katika Masisi, Walikale na Kivu yote. Aamin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina ya Allah. Usiitupe chini. Ukimaliza, mpe mwenzako.)