Nyumba Iliyolipiwa ni ya Nani?

Wengi wetu twaijua furaha ya mtu akabidhiwaye ufunguo wa nyumba aliyoinunua. Huita fundi azibe nyufa, hupaka chokaa, hutafuta mchwa katika miimo, hubadili makufuli. Kisha husema, Sasa pamekuwa petu. Hatuilaumu furaha hiyo. Ila twauliza: pamekuwaje petu?

Wengine watajibu upesi: kwa fedha na hati. Jibu hilo si baya, bali lina upungufu. Katika Tanzania anunuaye nyumba hanunui udongo wenyewe; kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na hati hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Hati yatupa haki ya kukaa, nayo ni haki kubwa. Haituambii tumemwondoa nani.

Jambo hili lilitupata wenyewe, karibu na mji wa Moshi. Tulikuwa tumekwisha kupatana bei, mashahidi wametia sahihi, na sehemu ya fedha imelipwa. Siku moja tulikwenda na seremala kupima madirisha, muuzaji hayupo. Mkewe akatukaribisha uji, akauliza, "Mtapanga kwetu miezi mingapi, baba?" Tukatazamana. Yule mama hakujua kwamba nyumba imeuzwa.

Mumewe tulipomwuliza alisema hati ina jina lake peke yake. Ni kweli, ilikuwa nalo. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe, ijapokuwa ni mali ya mmoja wao. Tungaliweza kusema: kosa ni lake, sisi hatukujua. Tulilisema, na neno hilo likatufariji usiku mmoja tu. Maana tulikuwa tumeuliza habari za mipaka, za maji, za kodi, hata za paa. Habari za mama mwenye jiko hatukuuliza. Tukijichunguza twaona tuliogopa jibu, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Naye asiyeuliza kwa kuogopa jibu, je, ahesabiwe kuwa hakujua?

Torati, katika Kumbukumbu 22, humwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mabati yetu hayapandwi na wageni; lakini twaelewa kwamba nyumba yaweza kuwa na hatia hata kabla mwenyewe hajalala ndani yake.

Tukaisimamisha kazi. Saruji ya fundi iliganda mifukoni. Miezi mitatu walishauriana wao na wazee wa ukoo. Mwisho mama akatia sahihi, akakabidhiwa mkononi mwake fungu la bei anunue kiwanja. Je, aliridhika, ama alichoka? Hatukuthubutu kumwuliza, na jambo hili bado latusumbua.

Tulihamia wakati wa masika. Majirani wangali wakiiita nyumba ile kwa mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, nasi hatuwasahihishi. Juma la pili alikuja kuomba machipukizi ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Tukatwaa jembe, naye akatuonyesha yapi ya kung'oa na yapi ya kutuachia.