Sabuni Ilipokwisha



Tunakumbuka jinsi darasa la watu wazima la kusoma na kuandika lilivyojaa pale kanisani. Shirika moja lilikuwa likitoa kipande cha sabuni kwa kila aliyehudhuria juma zima. Mabenchi hayakutosha. Kisha mradi ukafika mwisho, sabuni ikakoma, na juma lililofuata walikuja watu saba. Tukanung'unika kwamba watu wetu hawapendi elimu. Lakini ni sisi wazee wa kanisa tulioiomba ile sabuni! Tena kulikuwa na mama mmoja aliyeanza kusoma kabla haijaletwa, kwa kuwa alichoka kusomewa na jirani barua za mwanawe. Hata yeye hakuonekana tena.

Huyo ndiye anayetusumbua. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walieleza habari za watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore, walipoachwa huru siku za baadaye, walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti hichohicho bila kukitazamia hawakupoteza hamu yao. Basi zawadi haina kosa. Kilichoharibu ni kule kupatana bei kwanza.

Tusome tena Luka 15. Tumezoea kumhubiri mdogo aliyepotea, tukamsahau kaka yake. Huyu hakuondoka nyumbani. Alitumika miaka mingi, ila moyoni alikuwa na daftari la hesabu, na humo ameandika kwamba hajapewa hata mwana-mbuzi. Mali yote ya baba ilikuwa yake, naye aliishi pale kama kibarua!

Hatusemi watu wafanye kazi bure. Luka 10:7 inampa mtenda kazi haki ya ujira wake, na mwalimu wetu mwenye watoto sita hawezi kula upepo. Kwa hiyo sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi itakuwa yake.

Darasa linaendelea Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri. Sabuni hakuna. Yule mama tulimfuata nyumbani, tukamwomba radhi, naye amerudi. Alhamisi iliyopita alikuja na barua yake, akaisoma mpaka mstari wa nne. Tulipotaka kumsaidia ule wa tano, akatukataza.