Kawa, Sanaa na Raha ya Kila Siku: Je, Ni Anasa?

Watu mingi wanafikiri ya kwamba raha iko kitu cha kungojea: kwanza vita iishe, kwanza watoto wamalize masomo, kisha tutafurahi. Wengine wanasema kwamba mtu anayeketi kunywa kawa ao kutazama picha nzuri, wakati wenzake wanateseka, hana moyo. Tujiulize basi: raha ndogo ya kila siku ni anasa, ao ni sehemu ya utu? Tuchukue mfano wa Waarmenia, watu wa milimani wanaopakana na Uturuki na Irani, juu historia haikuwapa nafasi mingi ya kufurahi.

Kwanza, tuangalie kawa yao, wanayoiita surj. Mbegu zinasagwa mpaka zinakuwa laini sawa unga. Unga ule unatiwa pamoja na maji baridi ndani ya kachungu kenye mkono mrefu, na sukari inaingia tangu mwanzo. Moto unapashwa kuwa wa polepole. Povu ikipanda, wanaondoa mbele imwagike, kwani kawa pasipo povu inahesabiwa kuwa haikupikwa vizuri. Inamiminwa ndani ya vikombe vidogo bila kuchujwa, machicha yanabaki chini. Wakiisha kunywa, wengi wanageuza kikombe juu ya sahani, na rafiki anasoma alama za machicha: safari, barua, mchumba. Hata asiyeamini mambo ile anasikiliza, maana kikombe kinawapa sababu ya kubaki pamoja na kusemezana habari za moyo.

Lakini kawa haioti Armenia. Tena Waturuki, Wagreki na Waarabu wanapika karibu namna ile ile, kila mmoja akiiita yake. Hapa kuna somo: desturi inakuwa yako si juu ulikuwa wa kwanza kuizua, lakini juu unaitunza kila siku.

Pili, sanaa. Katika mji wa Yerevan kuna soko la Vernissage, ambamo mazulia, mbao za kuchonga, fedha na picha zinauzwa nje, watu wakipitapita. Sanaa haifungiwi tu katika jumba la wakubwa. Mtengeneza filamu Sergei Parajanov (1924-1990) alionyesha jambo hili kwa nguvu. Serikali ya Kisovieti ilimfunga tangu 1973 hadi 1977. Ndani ya gereza hakuwa na kamera, lakini aliendelea kuumba: alichora kwa ukucha juu ya vifuniko vya chupa za maziwa, akageuza takataka kuwa mapambo. Leo kazi zake zinaonekana katika nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa Yerevan mwaka 1991.

Mtu atasema: hao wana bahati ya amani. Hapana. Mauaji ya 1915 yaliangamiza sehemu kubwa ya taifa lao, na waliobaki wakatawanyika mpaka Lebanoni, Ufaransa na Marekani. Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko la ardhi liliua watu karibu 25.000. Kisha vita na mipaka iliyofungwa: kati ya 1992 na 1995 umeme ulikuwa unapatikana saa chache tu kwa siku, watu wakikata miti ya mji kusudi wapate moto. Mwaka 2023 tena, zaidi ya watu 100.000 walikimbia Nagorno-Karabakh. Kama wangengoja shida iishe, wangengoja mpaka leo.

Lakini tusidanganyane. Tumbo lenye njaa halina masikio. Kumwambia mkimbizi atosheke na kikombe kimoja na picha moja ni kumzarau. Raha haichukui nafasi ya haki. Na sisi wa Kivu tunalijua jambo hili: milima yetu inazaa kawa nzuri, lakini wakulima wengi waliipanda na kuichuma bila kuionja. Wengine walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza ngambo, wakafa maji. Mtu asiyepata hata kikombe kimoja cha jasho lake amenyimwa zaidi ya franka: amenyimwa nafasi ya kuketi na mwenzake mbele ya kitu kizuri alichokizalisha mwenyewe.

Basi, tofauti iko wapi? Anasa inafunga mlango, inataka wengine waitamani. Raha ya kweli inaita jirani na inaongeza kiti. Wazee wetu walikuwa wanajua vile, walipoketi pamoja kwa kasiksi, ao walipochonga mapambo juu ya mpini wa kisu, hata kama kisu kingekata vilevile bila pambo.

Kwa kumaliza, tunasema hivi: tupigane kusudi kila mtu apate chakula, shule na amani. Lakini tusingoje siku ile ndipo tuanze kuishi. Anayepigania utu bila kuuonja hata kidogo anaweza kusahau anapigania nini.