Kikomo cha Mtoto Kimeandikwa na Nani?

Katika Football Manager, gemu ya kompyuta ambayo anayeicheza huwa kocha, msajili na mlezi wa timu nzima, kila mwanasoka amebeba namba mbili zilizofichwa. Ya kwanza ni uwezo alio nao leo. Ya pili ni kikomo, yaani uwezo ambao hatauvuka maisha yake yote. Zote huhesabiwa kati ya 1 na 200. Kijana wa miaka 16 akiandikiwa kikomo cha 110, mpeleke kwa makocha bora wa Ulaya, mpe uwanja wa nyasi safi, mpange kila wiki kwa miaka kumi: akifika 110, hapo atasimama. Kulea vijana, kazi ambayo wapenzi wengi wa gemu hii huithamini kuliko makombe, maana yake ni kuikisia ile namba ya pili kwa msaada wa maskauti, kuwabakiza wenye namba kubwa na kuwaaga wenye namba ndogo.

Mtu anaweza kusema huu ni ufundi wa waandishi wa programu tu. Mimi naona ni fundisho zima kuhusu binadamu, tena fundisho lenye kosa. Linasema kipaji ni kiasi kilichomo ndani ya mtoto tangu mwanzo, kwamba kiasi hicho kina mpaka unaoweza kujulikana, na kwamba mlezi mwenye busara ni yule anayeujua mpaka huo mapema asije akapoteza jasho. Ninachodai ni kinyume chake. Kikomo cha mtoto, kwa kadiri sisi binadamu tunavyoweza kukijua, hakimo ndani yake peke yake. Kimo kati yake na mahali anapolelewa. Na hata anayeamini kwamba Mungu ameshaandika kila jambo hana ruhusa ya kumtazama mtoto kwa jicho la gemu hii.

Tuanze na gemu yenyewe, maana ndani yake mna ushahidi dhidi yake. Wachezaji halisi wanapozeeka, kompyuta huzalisha vijana wapya kila mwaka ili klabu ziendelee. Ubora wa vijana hao hutegemea viwanja na vifaa vya klabu, ubora wa makocha wa watoto, upana wa mtandao wa kusaka vipaji, na namba ambayo kila nchi imepewa kwa ajili ya soka lake la vijana. Brazil ina namba kubwa. Nchi isiyo na historia kubwa ya soka ina namba ndogo. Sasa tafakari. Hakuna anayedai kwamba kina mama wa nchi yenye namba ndogo huzaa watoto wenye miguu dhaifu. Namba ni ndogo kwa sababu viwanja ni vichache, makocha ni wachache, ligi za watoto hazipo au hazidumu. Hayo yote ni mambo ya mahali. Lakini kompyuta ikishamzalisha kijana, upungufu ule wa mahali huandikwa ndani ya mwili wake kuwa kikomo chake mwenyewe, naye atakibeba hata ukimhamishia Barcelona siku hiyohiyo. Upungufu wa mahali umegeuzwa kuwa upungufu wa mtu. Kosa hilo halifanywi na kompyuta peke yake.

Chukua Matombo. Ni tarafa ya upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, katika barabara inayotoka Morogoro mjini kupitia Kiroka na Mkuyuni kuelekea Mvuha na Kisaki. Pepo za Bahari ya Hindi huleta mvua nyingi upande huo. Migomba, minanasi na viungo hustawi kwenye miteremko, na maji yake huingia mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo mwaka 1897, na leo Waislamu na Wakatoliki wa Kiluguru wanaishi pamoja katika vijiji vilevile. Ni nchi ya rutuba na ya miinuko, na kwa sababu ya miinuko hiyo ardhi tambarare ya kutosha uwanja wa mpira ni adimu. Mtoto wa huko anacheza chandimu mahali palipopatikana, mara nyingi pekupeku. Siku mashindano ya shule yanapofika anachujwa kuanzia ngazi ya shule, kata, tarafa na wilaya, hadi timu ya mkoa ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Mwamuzi wa hatima yake humwona kwa dakika chache. Akikosea pasi kwenye uwanja ambao ni mpana kuliko wowote aliowahi kuukanyaga, hukumu inayotolewa ni kwamba hana kipaji. Ile namba ya nchi imeingia mwilini mwake.

Aristotle alilishughulikia suala hili zamani katika kitabu chake cha Metafizikia. Aliwapinga wanafalsafa wa Megara waliodai kwamba mtu ana uwezo pale tu anapoutenda, hata fundi ujenzi akipumzika anakuwa hana ufundi. Wachujaji wengi wa watoto ni watu wa Megara bila kujijua. Lakini Aristotle alisema pia jambo ambalo gemu imelisahau: uwezo wowote ni uwezo wa kufanya jambo fulani, wakati fulani, kwa namna fulani, na masharti hayo ni sehemu ya maana ya uwezo wenyewe. Kwa hiyo kusema kijana anaweza kufika 150, au hawezi kuvuka 90, bila kutaja anakula nini, anafundishwa na nani na anacheza mechi ngapi kwa mwaka, ni sentensi ambayo haijakamilika.

Waliotengeneza gemu wanalijua hili kuliko wanavyokiri. Baadhi ya vijana halisi hawakuandikiwa kikomo kimoja. Walipewa alama inayoiambia kompyuta ichague namba kwa bahati ndani ya masafa fulani kila gemu inapoanzishwa upya, hata kijana huyohuyo akawa nyota katika gemu ya kwanza na mchezaji wa kawaida katika ya pili. Nauona huo kuwa uaminifu wa kupongezwa. Na pale walipothubutu kutabiri, dunia haikuwatii. Cherno Samba, mzaliwa wa Gambia aliyekuwa kijana wa Millwall, alikuwa mfungaji wa kutisha katika Championship Manager, gemu iliyoitangulia Football Manager, ya msimu wa 2001/02; uwanjani hakuufikia hata kwa mbali umaarufu huo. Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana, alianza kuichezea DC United ya Marekani mwaka 2004 akiwa na miaka 14, na kwa miaka kadhaa gemu ilimwona kuwa mfalme ajaye. Haikuwa hivyo.

Je, vijana hao walikuwa na kikomo kidogo kilichokadiriwa vibaya, au walikuwa na kikomo kikubwa ambacho hawakukifikia? Hakuna mechi wala kipimo kinachoweza kutujibu, kwa sababu majibu yote mawili yanakubaliana na kila kilichotokea. Na dhana inayokubaliana na matokeo yoyote yale haituambii chochote kuhusu mtoto aliye mbele yetu. Tunachoweza kukijua ni alipo leo, kasi anayojifunza nayo, na kilichokosekana mahali alipo.

Mshambuliaji wa Tanzania, Mbwana Samatta, anafundisha hilo kwa upande mwingine. Alitokea Mbagala, akapita African Lyon na Simba, na mwaka 2011 Simba ilipokutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika ndipo klabu hiyo ya Lubumbashi ikamwona na kumchukua. Mwaka 2015 alikuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Januari 2016 akaenda Genk, Januari 2020 Aston Villa. Husemwa kwamba kipaji hakifichiki. Lakini laiti droo ya mwaka ule ingempa Simba mpinzani mwingine, hatujui kama habari ingekuwa hii. Walio kama yeye ambao droo haikuwafaa hatuna habari zao, na kukosekana kwa habari zao ndiko kunakotufanya tuamini kwamba hawakuwahi kuwapo.

Hapa muumini anaweza kunizuia. Mungu, atasema, anajua mwisho wa kila kiumbe kabla hakijazaliwa. Basi kikomo kipo, kimeandikwa, na gemu imeiga tu ukweli huo. Naiheshimu hoja hii, na siipingi kwa kupunguza ujuzi wa Mungu. Naipinga kwa kuuliza ni nani aliyepewa kukisoma kilichoandikwa. Katika Uislamu, Masahaba walipomuuliza Mtume kama haifai waache kutenda na kuitegemea kadari, aliwataka watende. Karibu mwaka wa 18 wa Hijra, Khalifa Omar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia tauni imeingia huko, aliamua kurudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kwa Omar, kilichoandikwa hakikuwa sababu ya kuacha kuchagua. Kuchagua nako kumo ndani ya kilichoandikwa. Kocha anayemwacha mtoto kwa madai kwamba hakuandikiwa amejipa elimu ambayo Omar hakujipa.

Upande wa Ukristo kuna mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, ambao mwanzoni unaonekana kuiunga mkono gemu: mtumwa mmoja alipewa tano, wa pili mbili, wa tatu moja, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Tazama vizuri. Aliyepima ni bwana mwenyewe, si mtumwa mwenzao. Hakuna aliyeachwa mikono mitupu. Na aliyehukumiwa ndiye aliyeifukia aliyopewa. Anayewanyima watoto kumi mpira ili ampe mmoja anayeamini ana talanta tano amefukia talanta zisizo zake. Mwanafalsafa Boethius, aliyeandika akiwa gerezani akingoja kuuawa katika karne ya 6, aliongeza kwamba Mungu kutuona tukitenda hakutulazimishi kutenda, kwa kuwa kwake yote ni sasa. Ujuzi wa namna hiyo haufanani kabisa na namba iliyowekwa mapema ili imzuie kijana asipite.

Pingamizi la pili ni la mwili. Si kila mtoto atakuwa Samatta, hata angelelewa peponi. Kuna warefu na wafupi, wenye mbio na wasio nazo. Kweli tupu. Lakini kuwepo kwa mpaka si sawa na kuujua, na kosa lote linaingia katika pengo hilo. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akacheza madaraja ya chini sana, na mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester City. Mwili wake ulikuwa na mpaka kama miili yote. Waliomwacha hawakuujua.

La tatu ndilo zito kuliko yote: fedha ni kidogo. Wilaya haiwezi kuwalea wote, kwa hiyo lazima wachaguliwe wachache. Nakubali kwamba lazima tuchague. Ila kuchagua kwa kuwa nafasi ni 20 ni jambo moja, na kumwambia wa 21 kwamba hana kitu ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni ukweli kuhusu sisi na mifuko yetu. La pili ni uongo kuhusu yeye. Tena makosa mawili ya uchaguzi hayalingani. Ukimchukua asiyefaa, utamwona akishindwa na utajirekebisha. Ukimwacha anayefaa, hutajua kamwe, kwa sababu kuachwa kwenyewe kunauondoa ushahidi, na mwaka ujao utachuja kwa kujiamini zaidi. Njia inayoficha makosa yake yenyewe inahitaji kulindwa kwa utaratibu.

Utaratibu huo si wa gharama. Walimu wa michezo na viongozi wa soka wa tarafa ya Matombo na Wilaya ya Morogoro wanaweza kuanza na daftari: majina ya watoto wote walioachwa kila mwaka, umri wao, na viwanja walivyozoea kuchezea. Mwaka unaofuata watoto hao waitwe tena, wachezeshwe mechi nzima na si dakika chache, kabla ya wapya kutazamwa. Na hadi mtoto atimize miaka 18, asiambiwe na mtu yeyote kwamba amefika mwisho wake.