Nani Mwenye Amri juu ya Somo la Mtoto?



Katika mambo yaletayo ugomvi baina ya watu walio wema pande zote ni mas'ala haya: mtoto akiisha kuvuka kizingiti cha skuli, ni nani mwenye amri juu ya atakalosomeshwa? Ni baba aliyemzaa, au mwalimu aliyekabidhiwa, au mji uliojenga skuli kwa kodi ya wote? Kila mmoja ana hoja yake, wala hakuna hoja katika hizo iliyo dhaifu hata itupwe. Baba ataulizwa na Mola wake juu ya mtoto huyo. Mwalimu ndiye aijuaye elimu. Na mji ndio utakaokaa naye akiwa mtu mzima, kwa kheri yake au kwa shari yake.

Watu wa pwani hawakuyajua mas'ala haya kwa kusikia. Unguja, skuli ya serikali ilipofunguliwa mwaka wa 1905, wazazi wengi walizuia watoto wao kwa kuwa waliona kitabu cha Mwenyezi Mungu kimeachwa nje, na mtoto atatoka huko ajua hesabu na kuandika herufi za Kizungu asijue kusali. Wakubwa wa skuli waliwaita wajinga wasiopenda elimu. Lakini Kurani ilipotiwa katika masomo, wazazi wale wale wakaanza kulegea na kuwapeleka watoto; basi ikadhihiri kuwa hawakuwa wakikataa elimu, walikuwa wakikataa kutoulizwa.

Wala si mas'ala mapya kwa Waislamu wa kale. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka wa 1406, amesimulia katika Mukadima yake jinsi miji ya Kiislamu ilivyohitalifiana katika kufundisha watoto. Watu wa Maghribi walimfundisha mtoto Kurani peke yake, wasimchanganyie kitu, mpaka aihitimu au akatike njiani. Watu wa Andalusi waliifanya Kurani kuwa asili, wakatia pamoja nayo mashairi na sarufi na hati nzuri. Akaja Kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi na rai nyingine kabisa: mtoto aanze kwa lugha na mashairi, kisha hesabu, ndipo aingie katika Kurani akiwa na fahamu ya kuifahamu. Ibn Khaldun aliisifu rai hiyo, kisha akasema kuwa mazoea ya watu hayaikubali. Kwa sababu mtoto maadamu yu mdogo yu chini ya amri ya wazazi, naye akibaleghe huenda akaponyoka akaacha kusoma, akawa hakuipata Kurani wala hicho kingine. Hapo pana neno la kuzingatiwa: maulamaa wakubwa walihitalifiana katika utaratibu wa masomo, wala hakuna aliyemkufurisha mwenziwe.

Ama nchi ambayo ugomvi huu umetolewa nje ukaonekana na watu wote ni Marekani. Nchi hiyo imegawanywa katika wilaya za skuli zaidi ya 13,000, na nyingi katika hizo zina bodi ya skuli ambayo wajumbe wake huchaguliwa kwa kura na watu wa pale pale. Si serikali kuu iwekayo masomo. Mwenye duka, na fundi, na mama wa nyumbani, akipata kura aweza kuketi katika bodi akaamua watoto wa mji wasome vitabu gani. Mambo mawili yaliyotokea katika bodi hizo yafaa kuwekwa bega kwa bega, kwani ya kwanza yaifasiri ya pili.

La kwanza lilikuwa katika mji mdogo wa Dover, jimbo la Pennsylvania. Mwaka wa 2004 bodi ya skuli, ambayo ndani yake walikuwamo watu wenye kushika dini yao ya Kikristo, iliamuru kwamba kabla ya somo la viumbe wanafunzi wasomewe maneno ya kuwaambia kuwa mafundisho ya Darwin yana mapengo, na kuwa kuna rai nyingine isemayo viumbe vimepangwa na mwenye akili. Walimu wa somo hilo walikataa kuyasoma. Mwezi wa Januari 2005 wakubwa wa skuli wakaingia madarasani kuyasoma wenyewe, na mtoto ambaye mzazi wake hakupenda aliruhusiwa kutoka nje mpaka yaishe. Wazazi kumi na mmoja wakaenda mahakamani.

Mwislamu wa pwani akisikia habari hiyo, moyo wake huenda ukawaelekea wale wajumbe. Kwani naye aamini kuwa viumbe vina Muumba. Lakini na asikie iliyobaki. Jaji John E. Jones alipotoa hukumu tarehe 20 Disemba 2005, hakusema tu kuwa bodi imevunja sheria kwa kutia dini katika somo la serikali. Alisema pia kuwa baadhi ya wajumbe, baada ya kula kiapo, walisema uwongo ili kuificha nia yao. Hilo ndilo la kusikitisha. Mtu ataka watoto wamjue Muumba wao, naye huku ashuhudia uwongo mbele ya kadhi! Na kabla ya hukumu kutoka, tarehe 8 Novemba, uchaguzi ulikuja, na wajumbe wote wanane waliokuwa wakigombea viti vyao tena wakashindwa. Waliowaangusha hawakuwa wakana Mungu waliotoka mbali. Walikuwa majirani zao.

La pili lilikuwa katika wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland, karibu na mji wa Washington. Skuli za wilaya hiyo zina wanafunzi wapatao 160,000, na bodi yake ina wajumbe wanane, saba huchaguliwa na watu wazima na mmoja ni mwanafunzi achaguliwaye na wanafunzi wenziwe. Mwaka wa 2022 vilitiwa katika masomo ya kusoma, hata kwa watoto wadogo, vitabu vya hadithi vyenye habari za ndoa za watu wa jinsi moja, na za watoto wajionao kuwa si wa jinsi waliyozaliwa nayo. Mwanzo wazazi walipewa habari kabla ya somo, na asiyetaka aliweza kumtoa mtoto wake. Mwezi wa Machi 2023 bodi ikaiondoa ruhusa hiyo. Hoja ya bodi ilikuwa kwamba waliotolewa wamekuwa wengi mpaka walimu hawawezi kuendesha darasa, na kwamba mtoto mwenye wazazi wa namna hiyo huvunjika moyo aonapo wenziwe wakiinuka kwa kuwa habari za nyumbani kwao zinasomwa.

Hoja hiyo si ya kuchekwa. Mtoto huyo naye ni mtoto, na hana alichokosa.

Wazazi wakakusanyika mbele ya nyumba ya bodi kudai ruhusa irudishwe: Waislamu, na Wakatoliki, na Waorthodoksi, baadhi yao watu wa asili ya Habeshi. Waliokwenda mahakamani wa kwanza kutajwa alikuwa Mwislamu, ndiyo sababu kesi ikaitwa Mahmoud na Taylor. Hawakuomba vitabu viondolewe katika skuli. Waliomba kuarifiwa, na kuruhusiwa. Walishindwa mara mbili katika mahakama za chini, mpaka tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikahukumu kwa majaji sita juu ya watatu kuwa wapewe ruhusa hiyo wakati kesi yao ikiendelea.

Basi mwenye kutaka insafu na atazame mlango wa darasa. Katika Dover aliyetoka nje alikuwa mtoto wa mzazi asiyetaka maneno yaliyonusia dini. Katika Montgomery aliyetaka kutoka alikuwa mtoto wa mzazi mwenye dini. Mlango ni ule ule. Mwislamu akisema mlango huu ni haki yangu, hawezi tena kusema si haki ya mwingine, illa awe amekwisha kusema kuwa haki ni jina tu la nguvu, na kila mwenye wingi wa kura afanye atakalo. Na neno hilo ni hatari kwa Waislamu kabla ya kuwa hatari kwa mtu mwingine, kwani katika miji mingi ya dunia wao ndio wachache.

Hapa yataka kuulizwa: hiyo haki ya mzazi ni haki ya namna gani? Watu wengi huisema kama mtu asemavyo haki yake katika shamba au katika jahazi. Wanazuoni hawakuiweka hivyo. Al-Ghazali amemwita mtoto amana mikononi mwa wazazi wake, na moyo wake kama johari safi isiyochorwa kitu, yenye kupokea kila kichorwacho. Amana si milki. Mwenye kushika mali ya yatima hana ruhusa ya kuitumia kwa kuitunza heshima yake mwenyewe, wala kumkomoa jirani. Ana ruhusa ya kufanya lile tu limfaalo yatima. Ikiwa ndivyo katika dirhamu na minazi, itakuwaje katika akili ya mtoto? Kwa hiyo baba amtoaye mtoto katika somo kwa kuwa ameona lamdhuru, huyo ametumia amana mahali pake. Lakini amtoaye ili aonekane barazani kuwa ni mkali wa dini, au kwa kumchukia mwalimu, huyo amemfanya mtoto kuwa bendera yake. Kwa macho ya watu wawili hawa ni sawa, na karatasi waliyoandika ni moja.

Na amana huenda ikamtaka baba amwache mtoto akae asikie. Kuna mafundisho ambayo Mwislamu hayaamini, lakini mtoto wake atakutana nayo kazini na safarini, na bora ayasikie naye ana mtu wa kumwuliza. Wazee wa zamani walisoma hoja za wanafalsafa kwa kina kabla ya kuzirudi. Al-Ghazali mwenyewe aliandika kitabu kizima cha kueleza maneno yao, ndipo akaandika cha kuwapinga. Walakin jambo limpasalo kijana wa miaka kumi na sita silo limpasalo mtoto wa miaka mitano, ambaye bado hajui kupambanua aliloambiwa na mwalimu na lililo kweli. Umri ndio uliokuwa kiini cha kesi ya Montgomery kwa wazazi wengi, na katika hilo hoja yao ilikuwa na nguvu.

Pwani nayo ina mlango wake. Sheria ya Elimu ya Kenya ya mwaka wa 2013 imeweka katika kila skuli ya serikali bodi ya usimamizi, na ndani yake wajumbe sita wa kuchaguliwa kuwakilisha wazazi au watu wa mahali pale, na watatu wa mfadhili wa skuli, ambaye mara nyingi ni kanisa na pengine ni jamii ya Kiislamu. Mfadhili amepewa kulea roho za wanafunzi, kwa sharti la kuhifadhi dini ya wasio wake. Waislamu walilia sana juu ya sharti hilo katika kesi ya wasichana wa skuli moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, waliotaka kuvaa hijabu. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo, kwa kuwa ombi halikuletwa kwa njia ya sheria. Kilio chao kilikuwa cha kweli. Lakini katika mitaa ambayo Waislamu ndio wengi na bodi ni yao, mtoto wa Mkristo huketi asubuhi akiitikia dua asiyoijua, na hakuna aliyemwuliza babaye. Anayelia Isiolo na anyamaze kidogo atazame huko.

Lililobaki ni zito kuliko kura na kesi. Mikutano ya wazazi huitishwa mara kwa mara katika kila skuli. Wanaohudhuria ni wachache, na wengi wao ni kina mama. Wanaume husema wana kazi, kisha huonekana katika baraza ya kahawa. Uchaguzi wa bodi hupita hawana habari. Siku kitabu kilichokwisha kupitishwa kinapoletwa nyumbani ndipo makelele yanapoanza, na baba ambaye hajafungua daftari la mwanawe tangu mwaka uanze husimama kusema juu ya amana. Hao wa Montgomery, waliokuwa na watoto wadogo nyumbani, walikwenda katika kikao cha bodi baada ya kikao.

Na mtoto akiisha kutolewa, hakufundishwa. Amekaa kwenye varanda ya skuli, au katika chumba cha vitabu, akingoja kengele. Jioni atarudi nyumbani, na neno la kwanza atakalouliza ni kwa nini yeye alikaa nje na wenziwe wakabaki ndani. Swali hilo halikuletwa mbele ya majaji tisa, wala hakuna bodi iliyochaguliwa kulijibu. Baba huwa ametandika mkeka wake, redio i wazi, na mtoto amesimama mlangoni, daftari mkononi.