Msikimbilie Dakika ya Goli

Wanangu wa hapa Same mjini, na ninyi mnaoshuka kutoka Suji, Vudee na Chome kuja kutafuta maisha, jioni nawaona mmeinamia simu mkirudia mechi za zamani za Taifa Stars. Sina ugomvi na hilo. Anayerudia mechi ambayo timu yake ilifungwa anaipenda kweli. Neno langu ni juu ya kutazama kwenyewe: mnakimbilia dakika ya goli, mnamtafuta wa kumtukana, kisha mnazima.

Sisi hatukuwa na nafasi hiyo. Stars walipocheza Kombe la Afrika la 1980 kule Nigeria, huku Bara televisheni haikuwepo, ilikuja 1994. Tulikuwa na Redio Tanzania, na betri tulizianika juani mchana kutwa zipate nguvu ya kumaliza dakika tisini. Nigeria wakatufunga 3-1, Misri 2-1, na Ivory Coast tukatoka nao 1-1. Baada ya hapo yakabaki maneno ya watu, na maneno hayo yaliwabebesha lawama wachezaji ambao waliolaumu hawakupata kuwaona wakigusa mpira. Iliniuma, na bado inaniuma. Ninyi mna picha. Msilaumu kwa kusikia.

Chukueni mechi ya Kombe la Afrika dhidi ya Zambia, San Pédro, 21 Januari 2024. Kocha wetu Adel Amrouche alikuwa amefungiwa mechi nane na CAF, timu ikashikwa na Hemed Suleiman “Morocco”. Dakika ya 11 Samatta anatoa pasi, Msuva anafunga. Kabla ya mapumziko Zambia wanabaki kumi uwanjani. Dakika ya 88 Patson Daka anapiga kichwa, 1-1. Wengi wenu mnaanzia kwenye kichwa kile na kumalizia hapo hapo.

Mkulima wa huku milimani akiona maji hayafiki shambani, hashindi akiukodolea macho mdomo wa mfereji; anaufuata kupanda juu hadi kwenye ndiva, bwawa linalokusanya maji. Fanyeni hivyo. Rudisheni hadi dakika ya 70. Zimeni sauti, kwa sababu mtangazaji anawachagulia pa kutazama. Uacheni mpira, chagueni mtu mmoja, tuseme kiungo wa chini, mumfuate yeye tu. Akipokea mpira, nani amejisogeza kumpa njia? Mpira uliobutuliwa mbele unakaa huko muda gani kabla haujarudi? Mstari wa mabeki uko wapi sasa, na dakika kumi zilizopita ulikuwa wapi? Timu inayolinda goli moja hurudi nyuma kidogo kidogo bila kuamriwa na mtu, hata ikiwa na mchezaji mmoja zaidi.

Mkishatazama hivyo, matusi yatakosa pa kukaa. Yule mnayemwita mzigo ni mtoto wa mtu, na mama yake naye ana simu.

Siku tatu baadaye, kule Korhogo, Stars walihitaji kuifunga Kongo ili wasonge mbele. Ikawa 0-0, wakarudi nyumbani wakiwa wa mwisho kwenye kundi. Mechi ile hairudiwi na mtu. Jumapili hii ianzeni hiyo, pamoja, kibanda umiza kikiwa hakina ligi ya Ulaya: goli la kukimbilia halimo, mtalazimika kuutazama mchezo wenyewe.